Saa Moja Kabla ya Sindano

Mtoto mwenye selimundu huijua sindano kabla hajajua kuhesabu. Akienda kliniki hutolewa damu ya kupima; akilazwa kwa maumivu ya mifupa huwekewa kanula ya dripu; na kadiri miaka inavyokwenda, mishipa yake huzidi kuwa migumu kupatikana, hata muuguzi mzoefu akajaribu mkono huu, akahamia ule, akaishia mguuni. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki huchomwa sindano mbili nene kila anapofika kwenye mashine. Kijana ambaye homa ya rumatiki imemharibia valvu za moyo huchomwa penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Na mtoto mchanga asiye na ugonjwa wowote hupelekwa chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14, akarudi nyumbani amevimba paja.

Wote hawa husikia neno moja: vumilia, ni sekunde tu. Neno hilo husemwa kwa nia njema, lakini humwacha mgonjwa peke yake na jambo ambalo lina dawa. Sehemu kubwa ya maumivu ya sindano hutoka kwenye ngozi, na ngozi inaweza kutiwa ganzi kwa dawa ya kupaka, bila kuongeza sindano nyingine. Ila dawa hiyo haifanyi kazi papo hapo. Anayeikumbuka akiwa ameshaketi kwenye kiti cha maabara amechelewa. Kupunguza maumivu ya sindano ni kazi ya nyumbani, au ya kwenye benchi la foleni, saa moja kabla. Ukishika hilo moja, mengine yote nitakayokueleza yatakuwa mepesi.

Kwa nini maumivu haya yasidharauliwe

Zamani si mbali sana, hata madaktari wengi waliamini kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu kama sisi. Mwaka 1987 daktari K.J.S. Anand na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba watoto njiti waliofanyiwa upasuaji bila dawa ya kutosha ya kuzuia maumivu walipata mshtuko mkubwa zaidi mwilini, na matatizo mengi zaidi baada ya upasuaji, kuliko wenzao waliopewa dawa hiyo. Miaka 10 baadaye, mwaka 1997, Anna Taddio na wenzake wa Toronto, Kanada, walichunguza watoto wa kiume wakati wa chanjo ya miezi 4 hadi 6. Waliotahiriwa siku za mwanzo za maisha bila ganzi waliumia zaidi kwa sindano ya chanjo kuliko wasiotahiriwa. Waliotahiriwa kwa krimu ya ganzi walikuwa katikati. Mtoto yule hawezi kusimulia kilichompata, lakini mwili wake umekihifadhi.

Kwa mtoto mkubwa kidogo, hofu huongezewa na sisi wazazi. Ni mara ngapi umesikia, au umesema mwenyewe, "Usipokula nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano"? Mtoto aliyelelewa hivyo huingia hospitali akiamini anakwenda kuadhibiwa. Akipata pale maumivu ambayo yangeweza kupunguzwa, imani yake imethibitishwa. Akikua, ndiye mtu mzima anayekimbia kupima damu, anayeahirisha chanjo, anayeukataa ushauri wa kuanza insulini. Kumpunguzia mtoto maumivu leo ni kumlindia njia ya kwenda hospitali kesho.

Ganzi ya kupaka ni nini hasa

Mama wa dawa hizi ni lidokaini, ambayo wahudumu wengi wa Afrika Mashariki bado huiita lignokaini. Ilitengenezwa Sweden na mkemia Nils Löfgren mwaka 1943, na hadi leo ndiyo ganzi anayoidunga daktari anapokushona kidonda. Inazuia mishipa ya fahamu kupeleka habari ya maumivu kwenye ubongo. Ikidungwa hufanya kazi ndani ya dakika chache. Ikipakwa juu ya ngozi nzima, mambo ni tofauti, kwa sababu tabaka la juu la ngozi limepangwa kama makuti yaliyoezekwa vizuri: kazi yake ni kuzuia vitu visipenye.

Ndiyo maana kutafuta ganzi inayopita kwenye ngozi kulichukua miaka. Wasweden waligundua kwamba lidokaini na prilokaini, ambazo kila moja peke yake ni chembechembe ngumu, zikichanganywa sawa kwa sawa hugeuka mafuta katika joto la kawaida la chumba. Mafuta hayo hubeba dawa nyingi na kupenya vizuri. Krimu iliyozaliwa hapo, yenye lidokaini asilimia 2.5 na prilokaini asilimia 2.5, inajulikana duniani kwa jina la EMLA, na sasa viwanda vingine pia huitengeneza kwa majina yao. Ikikaa dakika 60 huifikisha ganzi kama milimita 3 chini ya ngozi. Ikikaa saa mbili, kama milimita 5. Hicho ndicho kina cha mishipa mingi ya mkononi inayotolewa damu.

Kabla hujanunua, soma asilimia na majina ya dawa kwenye boksi. Jeli ya lidokaini ya asilimia 2, ile inayotumika wakati wa kuweka mpira wa mkojo, imetengenezwa kwa sehemu laini zenye ute. Juu ya ngozi nzima ya mkono haipenyi vya kutosha. Jeli ya maumivu ya misuli na mafuta ya kuchua yenye menthol huleta ubaridi au joto, lakini hayatii ganzi. Dawa za kupaka kwenye fizi za watoto nazo zisitumike kwa kazi hii. Mwulize mfamasia swali lililo wazi: "Nataka krimu ya lidokaini na prilokaini ya kupaka kabla ya sindano." Anzia kuulizia kwenye famasia kubwa za mjini au famasia ya hospitali, siku kadhaa kabla ya miadi.

Jinsi ya kupaka

Kwanza fahamu sindano itaingia wapi. Kwa kutolewa damu ni sehemu ya ndani ya kiwiko. Kwa kanula mara nyingi ni mgongo wa kiganja. Kama mishipa ya mgonjwa ni migumu kupatikana, mwombe muuguzi au mtu wa maabara, katika ziara iliyotangulia, akuonyeshe sehemu mbili anazozitegemea, na zote mbili zipakwe. Kupaka sehemu moja halafu sindano ikaingia kwingine ni kumkatisha mtoto tamaa mara mbili.

Osha sehemu hiyo kwa maji na sabuni, ikauke. Kwa mtu mzima, kamua nusu ya tyubu ya gramu 5 juu ya eneo la mraba wa sentimita 5 kwa 5. Usiisugue ikaingia kama losheni. Krimu inatakiwa ibaki imerundikana, tabaka nene jeupe, maana ile akiba ya juu ndiyo inayoendelea kupenya polepole. Kisha ifunike kwa plasta ya plastiki inayoonyesha ndani. Kama hakuna, kipande cha nailoni safi ya kufungia chakula, kilichozungushiwa plasta pembeni, kinatosha. Bila kufunikwa, krimu hukauka, hufutika kwenye nguo, na ganzi huwa hafifu. Andika saa uliyopaka juu ya plasta yenyewe kwa kalamu.

Muda ukitimia, fungua, futa krimu yote kwa pamba au tishu, kisha mhudumu asafishe kwa spiriti kama kawaida. Usishangae ukiona ngozi imepauka au imekuwa nyekundu kidogo. Krimu hii hubana mishipa midogo kwa muda, na hali hiyo huondoka yenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo mshipa unaweza kujificha kidogo mara tu krimu inapotolewa. Itoe dakika 10 hadi 15 kabla ya sindano, mgonjwa aninginize mkono chini na kufumba na kufumbua kiganja, mshipa utarudi. Ganzi haitapotea katika dakika hizo. Huendelea kwa saa moja au mbili baada ya krimu kutolewa.

Mtoto asiachwe peke yake akiwa amefungwa krimu. Akiifungua akalamba, mdomo na koo huingia ganzi na anaweza kupaliwa. Akijisugua macho, jicho lisilosikia maumivu linaweza kukwaruzika bila yeye kujua. Sehemu iliyokufa ganzi pia isikwaruzwe wala kukaribishwa moto.

Kupanga saa, na kushughulika na foleni

Tuseme damu inatolewa saa tatu asubuhi. Krimu iwe imepakwa na kufunikwa kufikia saa mbili kasorobo, kabla hamjapanda daladala au matatu. Mtafika ikiwa inafanya kazi tayari, na mtakuwa na nafasi ya kuitoa mapema.

Lakini kila mmoja wetu anajua kwamba saa tatu ya kwenye kadi inaweza kuwa saa tano ya kwenye foleni. Kwa mtu mzima na mtoto aliyezidi mwaka mmoja, hilo si tatizo kubwa: krimu inaweza kukaa hata saa tatu, ila isizidi saa nne. Kwa mtoto mchanga hali ni tofauti kabisa, kwa sababu ngozi yake ni nyembamba na mwili wake mdogo hauwezi kuihimili dawa ikizidi. Kwake, mwisho ni saa moja. Basi usimpake nyumbani. Fika, chukua namba, uliza foleni inavyokwenda, kisha paka ukiona mmebakiza kama saa moja.

Vipimo navyo vina mipaka, na mipaka hii isivukwe:

Mtoto wa chini ya miezi 3, au mwenye uzito wa chini ya kilo 5: jumla isizidi gramu 1, juu ya eneo lisilozidi duara la upana wa sentimita 3 na nusu, kwa saa moja, na kwa ushauri wa mhudumu wa afya. Mtoto njiti aliyezaliwa kabla ya wiki 37 asipakwe hadi mhudumu aseme.

Miezi 3 hadi 12, mwenye zaidi ya kilo 5: isizidi gramu 2, kwa saa moja.

Mwaka 1 hadi 6, mwenye zaidi ya kilo 10: isizidi gramu 10 kwa sehemu zote ulizopaka.

Miaka 7 hadi 12, mwenye zaidi ya kilo 20: isizidi gramu 20.

Hivyo ni viwango vya mwisho, havimaanishi ndicho kiasi kinachohitajika. Kwa sindano moja ya mtoto wa miaka minne, gramu 1 au 2 zinatosha. Mtoto akiwa mkubwa kwa umri lakini uzito wake ni mdogo, fuata uzito.

Nani asipakwe bila kuuliza

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu hatari inayojulikana zaidi ya krimu hii inagusa watu wengi wa ukanda wetu. Prilokaini ikizidi mwilini inaweza kuigeuza sehemu ya himoglobini isiweze kubeba oksijeni. Hali hiyo huitwa methemoglobinemia. Kwa mtu mwenye afya aliyepaka kiasi kidogo ni nadra sana. Kwa makundi fulani, hatari huongezeka.

La kwanza ni watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Upungufu huu hurithiwa, huwapata zaidi wanaume, na umeenea katika maeneo ambayo malaria imekaa karne nyingi, pwani yetu ikiwemo. Kama mtoto aliwahi kupata mkojo mweusi kama Coca-Cola baada ya dawa fulani, au daktari aliwahi kutaja G6PD, usimpake krimu yenye prilokaini kabla ya kuuliza. Familia zenye mtoto wa selimundu zimwulize daktari swali hili mara moja, jibu liandikwe kwenye daftari la kliniki, na baada ya hapo mtakuwa na amani.

La pili ni watoto wa chini ya mwaka mmoja wanaotumia dawa zinazoweza kuleta hali hiyo hiyo. Muhimu kwetu ni Septrin, ambayo hupewa watoto waliozaliwa na mama wenye virusi vya UKIMWI kuanzia wiki ya 6. Zipo pia dapsoni, primakwini, na baadhi ya dawa za kifafa kama fenobabitoni. Mtoto mchanga anayekunywa dawa hizi asipakwe krimu hii. Njia nyingine za kumtuliza zipo, na nitazieleza.

Dalili za kuangalia ni midomo, ulimi, fizi au kucha kugeuka rangi ya kijivu au buluu, kupumua kwa shida na kulegea. Kwa ngozi nyeusi usitazame mashavu. Funua mdomo utazame fizi na ulimi. Ukiona hivyo, futa krimu na uende hospitali haraka, ukiwa na tyubu mkononi. Dalili zinaweza kuchelewa saa kadhaa baada ya kupaka.

Zaidi ya hapo, krimu isipakwe kwenye kidonda, ngozi iliyochubuka, karibu na macho, wala kwa mtu aliyewahi kupata mzio wa ganzi za jamii hii. Na kwa chanjo ya BCG, inayowekwa ndani ya ngozi yenyewe, iache. Kwa chanjo nyingine za watoto zilizochunguzwa, kama surua na ile ya dondakoo, pepopunda na kifaduro, krimu haikuonekana kupunguza kinga.

Jihadhari pia na krimu kali zinazouzwa mitandaoni kwa ajili ya kuchora tattoo au kuondoa nywele. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya wanawake wawili vijana, wa miaka 22 na 25, kupaka krimu kali za ganzi miguuni na kujifunga plastiki kabla ya kuondolewa nywele kwa leza. Wote wawili walipata degedege, wakaingia katika koma, wakafariki. Walichokosea ni mambo matatu kwa pamoja: dawa kali, eneo kubwa, na plastiki juu yake. Mwaka 2024 mamlaka hiyo ilionya tena dhidi ya krimu zinazouzwa bila cheti cha daktari zikiwa na lidokaini zaidi ya asilimia 4. Kwa sindano, eneo dogo na krimu ya kiwango kinachojulikana vinatosha.

Dawa nyingine za ganzi ya juu

Kwa wanaoishi Uingereza, jeli ya tetrakaini ya asilimia 4 ni ya kawaida hospitalini. Hufanya kazi ndani ya dakika 30 kwa kutoa damu na 45 kwa kanula, na ganzi yake hudumu saa 4 hadi 6. Haibani mishipa, huifanya ngozi iwe nyekundu na mishipa itokeze. Haitumiki kwa mtoto wa chini ya mwezi mmoja. Kwa walioko Marekani na Kanada, krimu ya lidokaini peke yake, asilimia 4, hununuliwa bila cheti cha daktari na huhitaji kama dakika 30. Kwa kuwa haina prilokaini, anayekatazwa krimu ya mchanganyiko kwa sababu ya G6PD amwulize daktari wake kuhusu hiyo.

Ipo pia dawa ya kupuliza inayogandisha ngozi kwa baridi, ile inayoonekana viwanja vya mpira mchezaji akiumia. Aina ya kitabibu hupulizwa sekunde chache kabla ya sindano, na ganzi yake hudumu kama dakika moja tu, hivyo mhudumu awe tayari ameshika bomba. Aina nyingi hushika moto, kwa hiyo zisikaribishwe jiko wala sigara. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa nayo humsaidia mtu mzima. Lakini mwenye selimundu asiwekewe barafu wala kupuliziwa dawa ya baridi: baridi inaweza kumwamshia maumivu makubwa kuliko ya sindano yenyewe. Kwake, krimu pamoja na mkono uliotiwa joto na maji ya kunywa ya kutosha ndiyo njia njema. Mwili wenye maji na mkono wenye joto huonyesha mishipa.

Krimu isipokuwepo

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kuhusu kupunguza maumivu ya chanjo. Halikupendekeza krimu ya ganzi iwe sehemu ya chanjo za kitaifa kila mahali, kwa sababu ya gharama, upatikanaji na muda inaohitaji; lakini halikumzuia mzazi anayeimudu. Lililosisitiza ni mambo yasiyo na bei, na mengi yanafanyika kwenye zahanati ya kijijini.

Mama amnyonyeshe mtoto kabla kidogo ya sindano au wakati inapoingia. Maziwa, joto la mwili wa mama na kunyonya kwenyewe hufanya kazi pamoja. Tena kuna kipimo ambacho krimu haisaidii na ziwa linasaidia: mtoto mchanga akichomwa kisiginoni kutoa matone ya damu. Usipoteze krimu hapo. Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, anyonye. Kama siku hiyo kuna chanjo ya matone ya rota, ambayo ni tamu, itangulie kabla ya sindano. Asali isitumike kumtuliza mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Inaweza kubeba vijidudu vinavyozalisha sumu tumboni mwake.

Mtoto apakatwe na mzazi, akiwa ameketi. Kumlaza na kumshikilia kwa nguvu humwongezea hofu. Kama kuna sindano zaidi ya moja, inayouma zaidi iwe ya mwisho. Mtoto wa chini ya miaka 6 apewe cha kushughulisha macho na akili: wimbo anaoupenda, povu la kupuliza, picha kwenye simu. Usiipashe chanjo joto, usisugue sehemu ya sindano, na usimpe mtoto panado kabla ya chanjo kwa lengo la kuzuia maumivu; mwongozo huo unayakataa yote matatu.

Kuhusu maneno, sema ukweli mfupi. "Haiumi" ni uongo utakaogunduliwa baada ya sekunde tatu, na safari ijayo hutaaminiwa. Mwambie, "Utasikia kitu kinakubonyeza, mimi nimekushika, halafu tumemaliza." Mtoto wa kiume asiambiwe kwamba wanaume hawalii. Akilia, amelia, kazi yako ni kumshika.

Kwa watu wazima

Mgonjwa wa figo apake krimu kwenye sehemu mbili zitakazochomwa, saa moja kabla ya zamu yake, baada ya kuuosha mkono wenye fistula, yaani mshipa ulioandaliwa kwa upasuaji kwa ajili ya mashine. Akifika aifute, aoshe tena na kuuacha ukauke, kwa sababu usafi wa fistula ni uhai wake. Kwa mwenye kisukari, sindano za kalamu za milimita 4 ni nyembamba kiasi kwamba krimu haihitajiki. Anayeumia kila siku aangalie kwanza kama anarudia sindano moja mara nyingi, au anachoma sehemu ile ile.

Kwa penisilini ya rumatiki, ujue kwamba maumivu makubwa hutoka ndani ya msuli, dawa nzito inapoingia. Krimu hupunguza mchomo wa ngozi tu. Mwulize daktari kama dawa yenyewe inaweza kuchanganywa na lidokaini. Hilo hufanyika mahali pengi, lakini ni uamuzi wa mtabibu. Aichome polepole, nawe ulegeze msuli.

Na kama wewe ni mtu wa kuzimia ukiona sindano, sema mapema. Omba kulala chali, ukaze misuli ya miguu na mapaja kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, ulegeze kidogo, urudie, huku mkono unaochomwa ukiuacha umelegea. Hiyo huzuia shinikizo la damu kushuka ghafla, jambo ambalo krimu hailiwezi.

Kuzungumza na mhudumu

Wasomaji wengi huogopa kuonekana wasumbufu. Muuguzi ana foleni ya watu 60, na wewe unaleta habari za krimu. Lakini mtoto aliyetulia hutolewa damu kwa mchomo mmoja; anayehangaika huchukua wahudumu watatu. Mwombe kwa heshima, umpe habari anazozihitaji: "Shikamoo, mama. Mtoto huyu ana selimundu, nimempaka dawa ya ganzi mikono yote miwili tangu saa mbili kasorobo. Tukibakiza watu wawili naomba uniambie niitoe." Sentensi hizo tatu zinamweleza pa kuchoma, muda uliopita, na kwamba kazi yake umeirahisisha.

Ni kweli kwamba krimu ina gharama, na si kila sindano inaihitaji. Ukiwa na tyubu moja, iweke kwa mtoto anayechomwa mara kwa mara, kwa kanula, kwa mwenye hofu inayomzuia matibabu. Kwenye chanjo za kawaida, ziwa la mama, mikono ya mzazi na maneno ya kweli yatafanya kazi kubwa.

Basi chukua kadi ya kliniki leo. Tazama tarehe ya miadi ijayo. Mwulize daktari au mfamasia kama krimu inamfaa mgonjwa wako, ukimtajia umri, uzito na dawa anazotumia. Jua sindano itaingia wapi. Halafu, pembeni ya tarehe ile, andika saa ya kupaka. Hatuwezi kumwondolea mwanetu ugonjwa aliozaliwa nao, wala kumfutia sindano zilizobaki, lakini maumivu yanayozuilika tusimwachie ayabebe eti kwa sababu ni ya muda mfupi.